Utafiti wa upasuaji unaanzia kwenye kopo: maneno ya Mama Bloku kwa rezidenti

Kila mwaka, rezidenti wapya wa upasuaji, yaani madaktari wanaosomea ubingwa, wakishagawiwa wasimamizi, mlango wangu unaanza kugongwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba daktari. Karibu, usikanyage hapo, pana nta."

Anaingia, anatafuta pa kukaa, hapaoni, anabaki amesimama na andiko lake la utafiti mkononi. Kurasa arobaini hivi: utangulizi, malengo, bajeti, hesabu ya idadi ya wagonjwa. Mimi nafungua moja kwa moja sura ya mbinu na kutafuta mstari mmoja tu: kinyama kikishatoka mwilini kinawekwa kwenye nini, na nani, baada ya dakika ngapi? Mara nyingi mstari huo haupo. Kumeandikwa "sampuli zitapelekwa maabara ya patholojia", basi. Zitapelekwa na nani, malaika?

Mimi si daktari. Ni mteknolojia wa maabara ya patholojia katika hospitali ya rufaa inayofundisha, mwaka wa kumi na tisa huu nakata vinyama kwa maikrotomu, mashine ya kukatia vipande vyembamba sana, na kazini wananiita Mama Bloku. Bloku ni kitofali cha nta chenye kinyama ndani. Takwimu sijui sana. Ila najua tasnifu ngapi za upasuaji zimekwama mezani kwangu, na karibu zote hazikukwama kwa takwimu. Zilikwama kwenye kopo, tena ndani ya saa ya kwanza, daktari akiwa bado anashona kidonda. Kwa hiyo nimeamua kuyaandika haya mara moja, nipumzike kuyarudia mlangoni.

Swali liwe la kuingia mfukoni

Usije na swali kubwa kama kabati. "Visababishi, dalili, matibabu na matokeo ya saratani ya titi" ni swali la watu kumi na miaka ishirini, na wewe una mshahara mdogo na mtihani mbele. Tafuta swali ambalo hata nesi wa thieta anaweza kuliuliza akiwa anakunywa chai.

Mfano ni utafiti ulioitwa ChEETAh, uliotoka katika jarida la Lancet mwaka 2022. Swali lenyewe: tukimaliza kazi ya tumboni, kabla hatujaanza kufunga, tukivua glovu tukavaa mpya na kuchukua vifaa vingine safi, vidonda vitapata usaha kidogo? Hilo tu. Wakalijaribu katika hospitali 81 za nchi saba, jirani zetu Rwanda wakiwamo, kwa wagonjwa zaidi ya 13,000. Palipoendelea na mazoea, waliopata maambukizi ya kidonda walikuwa asilimia 18.9. Palipobadilisha glovu na vifaa, asilimia 16.0. Toa moja kwenye nyingine: 2.9. Gawa mia kwa hiyo: kila wagonjwa 34 au 35 utakaowabadilishia, mmoja unamwepusha na usaha. Ukifika hapo mwenyewe na kikokotoo cha simu, umeshaujua utafiti kuliko anayesoma muhtasari tu na kusema "ulionyesha tofauti kubwa".

Mwaka mmoja kabla yake ulitoka mwingine, FALCON, uliolinganisha dawa mbili za kusafishia ngozi kabla ya kupasua, pamoja na uzi wa kushonea uliopakwa dawa na uzi wa kawaida. Jibu: hakuna tofauti. Rezidenti mmoja aliniambia huo ni utafiti ulioshindwa. Nikamuuliza, mhasibu wa hospitali aliyekuwa anabanwa anunue uzi wa bei ghali, naye atasema umeshindwa?

Na kama unataka mfano wa nyumbani, vuka ziwa uende Kampala. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji pale Mulago. Aliona watoto wenye taya zilizovimba namna moja, akaandika habari zao mwaka 1958. Kisha akauliza swali la mtu wa njiani: ugonjwa huu upo wapi, na haupo wapi? Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakapanda gari, wakashuka kusini mwa Afrika, wakipita hospitali baada ya hospitali, 57 kwa jumla, wakiuliza. Lakini watu wa upasuaji wanapoisimulia hadithi hii huwa wanatusahau sisi: idara ya patholojia ya Makerere ndiyo iliyoweka vinyama vya watoto wale chini ya hadubini na kutambua kuwa ni limfoma, saratani ya seli za kinga. Bila vinyama kuhifadhiwa sawasawa, Burkitt angebaki na picha za taya na ramani.

Kuhusu 384

Nikikuta andiko limeandikwa wagonjwa 384 hata sishtuki. Namba hiyo inajulikana vyuoni kuliko namba ya simu ya mama mkwe. Inatoka kwenye kanuni moja: 1.96 mara yenyewe, mara 0.5, mara 0.5, gawa kwa 0.05 mara yenyewe. Watu wanaweka 0.5 kwa sababu hawakutafuta ukubwa wa tatizo kwenye tafiti za nyuma, na 0.05, yaani kukubali kukosea kwa asilimia 5, kwa sababu aliyewatangulia aliweka hivyo.

Kabla ya kuiandika, njoo tufungue rejista. Tuhesabu mwaka jana tulipokea matiti mangapi, goita ngapi, utumbo mpana vipande vingapi. Kama goita ni sitini kwa mwaka na wewe una miezi minane ya kukusanya, 384 utazitoa wapi? Ukikubali kukosea kwa asilimia 10 badala ya 5, kanuni ileile inakupa 96. Hiyo unaweza ukaifikia kwa jasho. Rejista ni ya bure, ipo rafu ya chini, ina vumbi.

Vibali, kwa kifupi

Kamati ya maadili ya chuo kwanza. Na kama utafiti wako unahitaji kibali cha taifa, hapa Tanzania ni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kenya kuna NACOSTI, tume yao ya sayansi, teknolojia na ubunifu, pamoja na kamati iliyoidhinishwa. Kama bloku au slaidi zitatoka nje ya nchi, hata kama ni rafiki yako wa Ulaya tu anataka kuziangalia, unahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli na ruhusa yake. Usiniombe nikufungie vipande kwenye bahasha. Nimeshaombwa, nikakataa, na aliyeomba hakunisalimia mwaka mzima.

Ridhaa ichukuliwe wodini, mgonjwa akiwa ameketi na ndugu yake pembeni. Mgonjwa aliyelala kwenye machela mlangoni mwa thieta atakubali lolote. Mwambie kwa Kiswahili cha kawaida kwamba nyama itakayotolewa itapimwa hata asiposhiriki, na kwamba akikataa utafiti, upasuaji wake uko palepale. Watu hukubali kirahisi wakijua hivyo.

Saa ya kwanza

Hapa ndipo nataka ukae na mimi.

Nyama ikikatiwa damu inaanza kujioza yenyewe. Haingoji harufu, seli zinaanza kujimeng'enya mara moja. Formalini ndiyo inayousimamisha uozo huo. Sasa pima muda: mshipa wa mwisho umefungwa saa tatu na nusu, titi limewekwa kwenye sinia la chuma, daktari anaendelea kutafuta tezi za kwapani, anafunga, anaandika taarifa ya upasuaji, anakunywa soda, intani anaambiwa "hiyo peleka patholojia", intani anatafuta kopo, kopo halipo. Saa nane mchana titi linafika kwangu limekauka juu na limelegea ndani.

Kwa jibu la kawaida, hii ni saratani au si saratani, tunaweza tukaokoa kitu. Lakini utafiti wa siku hizi wa saratani ya titi unataka vipokezi vya homoni na HER2, alama kwenye seli zinazoonyesha dawa gani itamfaa mgonjwa, na hivyo ni vitu vinavyopotea. Mwongozo wa madaktari wa saratani na wa patholojia wa Marekani, ambao wasimamizi wengi huutumia, unataka titi liingie formalini ndani ya saa moja, likae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Likichelewa kuingia au likiiva vibaya, kipokezi kinaweza kusomeka hakipo wakati kipo. Kwenye jedwali lako hiyo ni tarakimu moja. Kwa mwenye titi ni kwamba hataandikiwa tamoksifeni, dawa ya kumeza ambayo ingemsaidia.

Piga hesabu ya wikendi pia. Titi lililoingia formalini Ijumaa saa nne asubuhi linatimiza saa 72 Jumatatu saa nne asubuhi, na Jumatatu saa nne asubuhi mimi bado natafuta funguo. Kama upasuaji wako mkubwa ni wa Ijumaa, tuelewane mapema nani atakuja Jumamosi. Chapati na chai ya maziwa vinatosha kunileta.

Formalini yenyewe: ile ya dukani ina formaldehaidi asilimia 37 hadi 40. Tunachukua mililita 100 za hiyo na mililita 900 za maji, tunatia gramu 4 za fosfeti ya sodiamu yenye haidrojeni mbili na gramu 6.5 za ile yenye haidrojeni moja isiyo na maji. Chumvi hizo si mapambo. Formalini isiyo na chumvi inageuka asidi taratibu, na damu iliyomo kwenye nyama inaacha chembe za kahawia nyeusi ambazo msomaji wa slaidi atazikodolea macho akidhani ni kitu. Ichanganywe maabara, mahali penye hewa, na glovu mkononi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeshaiweka katika kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ukija na kidumu chako tutakujazia. Usijichanganyie mwenyewe kwenye sinki la thieta kwa kukisia, kama anayetengeneza juisi ya ukwaju.

Kipimo cha kopo: formalini iwe mara kumi ya nyama, kwa uchache. Wengi hufanya kinyume, nyama imejaa kopo na formalini imeloanisha juu kama mchuzi wa mwisho wa mwezi. Formalini inapenya polepole, kama milimita moja kwa saa, na kadiri inavyoingia ndani ndivyo inavyozidi kupunguza mwendo. Titi zima lenye unene wa sentimita nane ukilitumbukiza hivyohivyo, ngozi itaiva na katikati, ambako ndiko uvimbe uliko, kutaoza huku umelipa fedha ya formalini.

Kila mtu aliyekulia pwani au kandokando ya ziwa anajua dawa yake. Samaki mkubwa humkaangi bila kumchanja. Unampiga chale ili chumvi iingie. Titi ni hivyohivyo. Lichanjwe vipande vya nusu sentimita hadi moja, kwa kisu kirefu, kwa pigo moja moja, bila kulitenganisha kabisa, kutokea upande wa nyuma uliokuwa umelala kifuani. Kati ya chale na chale weka kipande cha shashi kilicholowa formalini. Lakini kabla ya chale yoyote, weka alama, kwa sababu likishatoka mwilini titi halina juu wala chini. Nimewafundisha rezidenti wimbo mmoja: mfupi shingoni, mrefu kwapani. Uzi mfupi upande wa juu, uzi mrefu upande wa pembeni. Andika hivyo kwenye fomu pia. Na kama hujiamini kuchanja bila kuharibu kingo, usichanje. Nipigie simu, lete likiwa bado la moto. Ngazi ni thelathini na mbili tu kutoka thieta hadi kwangu, nimezihesabu.

Vinyama vidogo vina balaa lake. Usivibane kwa koleo la meno. Seli zikibanwa zinavutika kama bazoka na hakuna atakayezisoma. Usiviache juu ya shashi kavu, vinang'ang'ania na kukauka. Na maji ya chumvi ya dripu hayahifadhi kitu. Yanafanana na formalini kwa macho, ndiyo maana huwa wanakosea.

Chupa ya juisi

Kopo liwe na mdomo mpana. Sisemi hivyo kwa kupenda vitu vizuri. Alikuja baba mmoja na basi la usiku kutoka wilaya ya mbali, amepakata kikapu, na ndani ya kikapu mna chupa ya juisi ya lita moja, na ndani ya chupa uvimbe wa paja la mkewe. Uliingizwa ukiwa laini, ukisukumwa kidogo kidogo shingoni mwa chupa. Formalini ikafanya kazi yake, nyama ikakakamaa kama mpira wa kiatu. Haitoki. Nilikata chupa kwa msumeno wa mifupa huku yule baba akiangalia kupitia kioo cha mlango, na sijui alikuwa anafikiria nini. Ukingo wa uvimbe, ule ambao daktari alitaka kujua kama umetoka wote, ulikuwa umechubuka pande zote kwa kusukumwa. Tulimjibu aina ya uvimbe. La ukingo hatukuweza kumjibu, na mgonjwa yule aliondoka kwenye orodha ya utafiti uliokuwa unaendelea wakati huo, kwa sababu swali la utafiti lilikuwa hilohilo la ukingo.

Makopo ya plastiki yenye kifuniko kipana, yale ya kuwekea mafuta ya kupaka au siagi ya karanga, yakioshwa vizuri na kukaushwa yanafaa kuliko chupa yoyote. Weka hela ya makopo kwenye bajeti yako. Nimeona bajeti ina laki nne za kuchapa na kufunga tasnifu na shilingi sifuri za kopo.

Lebo ibandikwe ubavuni

Nasema ubavuni. Kifuniko ni kitu kinachotembea. Siku moja, katika hospitali niliyowahi kufanya kazi, makopo mawili ya goita yalifunguliwa meza moja, yote yameandikwa kwenye vifuniko kwa kalamu nzuri kabisa. Mtu akajibu simu. Aliporudi alifunika. Siku kadhaa baadaye jibu moja likawa saratani, jingine goita ya kawaida, na fundi mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, mimi sina uhakika na vifuniko vile." Wagonjwa wawili, mmoja mama mtu mzima, mmoja binti wa chuo. Kilichotuokoa ni kwamba daktari alikumbuka kuwa kwa yule mama alifunga ncha ya juu kwa uzi mweusi wa hariri na kuuacha. Tukarudi kwenye mabaki, tukaukuta uzi. Bila uzi ule sijui tungemwambia nani nini.

Basi, ubavuni. Jina kamili, namba ya faili, namba ya utafiti, tarehe, kilichotolewa ni nini na upande gani. Andika kwa penseli, kwa sababu wino unayeyuka kwenye formalini na spiriti, ila penseli haijali. Halafu nesi aisome lebo kwa sauti, pamoja na jina la mgonjwa, kabla mgonjwa hajatoka thieta. Hilo sikulibuni mimi. Limo kwenye orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ile yenye sehemu tatu, na sehemu ya mwisho inalitaja waziwazi. Orodha hiyo ilipojaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ilikuwa Ifakara kwetu hapa. Majibu yalitoka mwaka 2009, vifo vikiwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Thieta nyingi wameibandika ukutani. Kuisoma ni jambo jingine.

Kwenye fomu, ongeza visanduku viwili vyako mwenyewe: saa nyama ilipotoka, na saa ilipoingia formalini. Atakayejaza awe mtu mmoja na atumie saa moja. Kuna rezidenti aliyepata muda wa dakika kumi kasoro, yaani nyama iliingia kopo kabla ya kukatwa, kwa sababu saa ya ukutani ya thieta ilikuwa nyuma ya saa ya simu ya nesi. Na usiandike "uvimbe" ukaishia hapo. Uvimbe wa wapi, wa muda gani, mgonjwa ana miaka mingapi, ameshapata dawa za saratani au mionzi? Daktari wa patholojia anasoma slaidi kwa jicho moja na fomu kwa jingine.

Kwetu itakuwaje

Haraka haraka: tunapima, tunapaka kingo wino, tunakata vipande vya kuingia kwenye vikasha. Usiku mashine inatoa maji kwa spiriti, inasafisha kwa zailini, inajaza nta. Asubuhi tunatengeneza bloku, tunakata utepe wa mikroni tatu hadi tano, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, tunauelea kwenye maji ya moto, tunaubeba kwa kioo, tunapaka hematoksilini na eosini. Njoo uone angalau siku moja. Kwa tezi za limfu za utumbo mpana njoo kabisa, kwa sababu tunatakiwa tupate tezi zisizopungua 12, na kuzitafuta kwenye mafuta kwa vidole ni kazi ya kuchosha. Mkono wa pili unasaidia, na utaacha kuniuliza kwa nini jibu limechelewa.

Wasomaji wawili

Kama swali lako linategemea macho ya mtu, kwa mfano daraja la saratani, slaidi zisomwe na madaktari wawili wa patholojia, kila mmoja peke yake, bila kuona jibu la mwenzake wala matokeo ya mgonjwa. Halafu usijivunie asilimia ya kukubaliana. Tuseme slaidi 100, kila mmoja amesema 90 ni saratani, na wamekubaliana kwenye 88. Inapendeza, sivyo? Sasa fikiria wangekuwa wanasema tu bila kuangalia, kila mmoja akitaja saratani mara 90 katika mia: wangegongana kwa bahati mara 82. Kwa hiyo nafasi ya kuonyesha ujuzi ilikuwa slaidi 18 tu, na wao wamevuka bahati kwa 6. Sita kwa kumi na nane ni 0.33. Hiyo ndiyo kapa, kipimo cha kukubaliana kunakozidi bahati, na ni ndogo. Msimamizi wako atakuuliza, watahini wa nje nao watakuuliza. Hii ndiyo takwimu pekee ninayoijua vizuri, nilifundishwa na rezidenti aliyekuwa akilia kwenye kiti changu.

Ukichagua vya zamani

Wengine wanaona kukusanya ni shida, wanaamua kurudi nyuma miaka mitano kwenye kabati. Haya. Chukua kwanza bloku ishirini tu za kujaribu kabla hujaahidi chochote kwenye andiko. Utakuta nyingine zimetafunwa na panya, nyingine zimegandana kwa joto la stoo, nyingine zimekatwa hadi hazina nyama. Utakuta fomu haina umri. Hesabu zote hizo na uziandike. Mwongozo wa STROBE, wa namna ya kuripoti tafiti za kuangalia tu bila kujaribu tiba, wenye vipengele 22, unakutaka useme ni wangapi uliowakuta, wangapi uliowaacha na kwa nini. Usiwafiche. Waliopotea mara nyingi ndio wa wilayani.

Na utakuta jambo jingine. Rezidenti mmoja, binti mpole sana, alikuwa akipekua rafu ya majibu kwa ajili ya utafiti wake, akanyamaza muda mrefu. Nikamfuata. Ameshika jibu lililochapwa miezi saba nyuma, saratani ya titi, mwanamke wa miaka thelathini na minne, limekunjwa vizuri, halijachukuliwa na mtu. Chini yake lingine. Chini yake lingine. Aliacha kujaza Excel. Alichukua namba za simu kwenye fomu akaanza kupiga palepale, amesimama kati ya rafu. Wengine hawakupatikana. Wengine walipokea ndugu zao. Yule wa miaka thelathini na minne alipokea mwenyewe, alikuwa sokoni, kelele za sokoni zilisikika hadi kwangu.

Tangu siku hiyo nikipokea andiko natafuta na mstari wa pili: jibu likitoka, nani atampigia mgonjwa, na kwa namba ipi? Kwenye fomu weka namba mbili za simu, ya mgonjwa na ya mtu anayelala naye nyumba moja. Weka jina la mtu wa wodini atakayesaini daftari la kuchukua majibu. Daftari lipo kwangu, limefungwa kwa kamba mezani ili lisitembee.

Ukishaongeza mistari hiyo miwili, njoo Jumanne baada ya saa nne. Jumatatu tunabadilisha zailini na hakuna mtu mwenye hali nzuri humu ndani.